Gauni Lililotoka kwenye Sanduku Lako

Ng'ambo,
Tabora.
Jumatano, 10 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Amne,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na yale magoti yametulia. Mwanao Shamila alituambia kwamba siku hizi unashuka ngazi mwenyewe bila kushikwa. Tulifurahi, ila Mama akasema mkono mmoja ubaki ukutani. Joto la Maskati tunalisikia kwenye taarifa ya habari na tunakuonea huruma, ingawa na huku Septemba hii si haba. Vumbi tunafagia asubuhi, mchana limerudi.

Sisi sote hatujambo. Presha ya Mama imeshuka tangu apunguze chumvi, japo chakula chake sasa tunakula kwa heshima tu. Nyumba yako ipo, bati la jikoni limepigiliwa upya, na mkomamanga wa uani mwaka huu umezaa.

Utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Simu ipo, lakini simu yako anaishika Shamila, na ujumbe wa sauti mnaufungulia sebuleni mbele ya wajukuu na wakwe. Nililo nalo si la sebuleni. Selemani wa duka la vipuri anasafiri Ijumaa kuja huko kumwona kaka yake, nimemwambia akupe mkononi mwako. Hii ni karatasi ya nne, tatu za kwanza nimezichana.

Shangazi, nimeikata sanda yako. Nimeishona gauni, gauni limepigwa picha Kwihara, na picha zimependwa Dar es Salaam. Sijui nianzie wapi kukuomba radhi. Kuna saa naona nimefanya jambo baya kabisa, kuna saa naona nilifanya ulichoniambia nifanye, na saa hizo mbili zinapishana siku nzima hadi nasahau kuzima jiko. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, labda wewe utaona nisichokiona.

Mwezi wa saba lilitoka tangazo la maonyesho ya mavazi huko Dar. Wanataka mafundi wa mikoani, kila mmoja na gauni alilolibuni mwenyewe, lenye habari ya kwao. Kwanza unatuma picha, wakizipenda wanaliita gauni lenyewe. Unajua mwaka wa tisa huu nashona sare za shule na mashela ya kukodi. Sijawahi kushona kitu nikakiita changu. Nikasema hii ndiyo zamu yangu.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukitusimulia habari za babu wa babu, aliyekuja na msafara kutoka pwani akabaki hapa kuuza merikani, ile nguo nyeupe isiyo na maua iliyokuwa ikinunua kila kitu njia nzima. Nikataka gauni la merikani. Nilizunguka maduka yote, sikupata ya kunifaa. Ndipo nikakumbuka sanduku lako la mninga, na maneno yako ya siku ile unaondoka, umeshakaa garini: "Batuli, ukikwama kitambaa fungua sanduku, chukua, usiniulize." Sijayatunga mimi hayo, Mama alikuwepo.

Nikafungua. Chini kabisa, chini ya kanga na ule mswala wako wa zamani, palikuwa na kitambaa cheupe kilichoanza kugeuka rangi ya maziwa, kimekunjwa vizuri na kuwekewa karafuu maiti. Nikadhani ni za kuzuia nondo. Kilikuwa kigumu kidogo mkononi, nikadhani ni wanga wa zamani. Kwenye pembe palikuwa na mishono mitatu ya uzi wa kijani, nikadhani ni alama ya duka la babu. Nilidhani mambo mengi siku ile, Shangazi, isipokuwa lile moja. Fundi mwenye macho angetazama ukingo wa kitambaa akajua kimetoka kiwandani si zamani. Mimi nilishamwona babu na msafara wake, nikashika mkasi.

Sitakuficha, gauni lilitoka zuri. Kifuani nimetia darizi kama ya kanzu, mikono mipana, mgongoni marinda yanayoburuta hatua tatu nyuma ya mvaaji. Ile pembe yenye uzi wa kijani niliipenda, nikaiacha ionekane kwenye pindo.

Kumbe kulipiga gauni picha ni kazi kuliko kulishona. Mpiga picha wangu alikuwa Majidi, yule wa harusi, naye alitaka tupige stesheni. Mimi nikang'ang'ania Kwihara, kwenye tembe lenye mlango wa kuchonga, kwa kuwa misafara ilitua huko. Wa kuvaa alikuwa rafiki yangu Levina wa Kitete, mrefu, shingo ndefu, hajawahi kusimama mbele ya kamera ila ya kitambulisho. Daftarini niliandika picha kumi na mbili kwa mpangilio: mlangoni, ukutani, akitembea, akigeuka. Bangili za fedha nikaazima kwa shoga yako Bi Tunu, naye akasema bangili zake haziendi mahali bila yeye. Basi tukaondoka naye, Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu Agosti, asubuhi na mapema.

Tulipofika gauni lilikuwa limejikunja lote, na umeme hakuna. Tukaazima pasi ya mkaa kwa mama mmoja jirani na hapo, nikapiga pasi huku napuliza majivu yasiangukie kitambaa, roho mkononi. Halafu likaja suala la mapambo. Levina akivaa bangili zote anaonekana bibi harusi, akivua zote anaonekana mgonjwa wa wodini. Kilemba nilikifunga mara nne. Majidi akaweka kamera chini akaniambia, "Dada Batuli, amua. Jua likipanda hapa hakuna picha, kuna kukunja uso tu." Tukabakisha bangili tatu mkono mmoja, kilemba tukakiacha. Kumrudishia Levina mwanga usoni tulitumia lile pazia la kung'aa ambalo Majidi huweka kwenye kioo cha gari.

Tatizo likabaki vumbi. Marinda yanaburuta na udongo wa kule ni mwekundu. Nikamwomba Bi Tunu alishike pindo mpaka Majidi aseme tayari, kisha aliachie na kutoka.

Majidi akasema tayari. Bi Tunu hakuachia. Alikuwa ameinama, anapapasa ule uzi wa kijani kwa kidole gumba. Akaniuliza kitambaa hiki nimekitoa wapi. Nikamjibu kwa fahari kabisa kwamba ni merikani ya babu, ya kwenye sanduku la Shangazi Amne.

"Uzi huu nimeupiga mimi," akasema. "Makka, chumbani kwetu, ghorofa ya tano. Wako wa kijani, wangu mwekundu, tusije tukachukuliana. Tulizichovya kwenye maji ya Zamzam siku moja, tukazianika dirishani. Batuli, hii ni sanda ya Amne."

Levina, aliposikia alichovaa, alitaka kulivua palepale, na mimi sikujua nimwambie avue au asivue, nikabaki nimeshika daftari langu. Tulikuwa tumepiga picha mbili tu. Aliyekata shauri ni Bi Tunu. Alikaa chini ukutani, akajifunga kanga yake vizuri, akasema, "Malizeni mlichokuja kufanya. Imeshakatwa." Tukapiga zilizobaki. Levina alisimama wima, hathubutu hata kupumua, na hizo ndizo picha ambazo Dar wamezisifia kwamba zina utulivu.

Sasa nikuambie sehemu yangu mbaya. Kukata nilikata bila kujua. Lakini zile picha nilikaa nazo siku tatu nikizitazama, nikijua, kisha nikazituma. Hapo sina pa kujifichia. Wiki iliyopita wakajibu: wanalitaka gauni ifikapo tarehe nne Oktoba.

Mama anasema nisikuambie. Alinishauri ninunue nguo nyeupe nyingine, niikunje vilevile, niweke karafuu maiti, nifunge sanduku, maana nguo nyeupe ni nguo nyeupe. Nilifika mbali, Shangazi. Nilinunua, nikaikunja, nikaingiza uzi wa kijani kwenye sindano. Mishono mitatu tu, na mimi hushona sare kumi kwa siku. Sikuweza hata mmoja.

Nikaenda kwa Bi Tunu kumuuliza kama naweza kulifumua gauni. Akanijibu kwamba sanda haihitaji kutoka popote, nguo yoyote nyeupe safi yatosha, lakini ile wewe uliibeba kifuani toka Makka hadi Tabora, hukuitia hata kwenye begi. Nikalia. Akanipa maji, akasema, "Yangu ipo. Atakayetangulia kati yetu atavishwa hiyo. Atakayebaki atajua la kufanya." Halafu akataka kujua kama bangili zake zimeonekana vizuri kwenye picha.

Ndiyo maana nimechanganyikiwa. Mmoja anasema nyamaza, mwingine ananipa sanda yake kama anayeazima sufuria, na maneno yako ya garini bado yanalia masikioni mwangu. Uliposema nichukue, ulisahau kwamba imo? Au ulijua, ukaniachia na hiyo? Na kuna swali jingine linalonisumbua kuliko yote. Uliondoka na mabegi mawili, ukachukua mpaka kinu cha kahawa, sanda ukaiacha. Shangazi, uliiacha kwa kuwa umekusudia kurudi kulala huku kwetu? Kama ni hivyo, basi nimekata kitu kikubwa kuliko kitambaa.

Gauni nimelikunja na kulirudisha sandukuni, mahali pake palepale. Selemani anarudi mwisho wa mwezi. Andika neno moja tu kwenye karatasi, liende au lisiende. Ukisema lisiende, nitawaandikia Dar siku hiyohiyo na sitanuna. Ukisema liende, nitalipeleka mwenyewe, nimelipakata njia nzima. Kwenye bahasha nimetia picha moja ambayo sikuwatumia. Majidi aliipiga bila kukusudia: Bi Tunu ameinama, uzi wako uko chini ya kidole chake.

Kile kitambaa kipya nilichokinunua ili nikudanganye, nimempa Bi Tunu. Kuna jamaa zake wanaokwenda umra baada ya Ramadhani, watakichovya. Pembe yake iko tupu, sikuigusa. Mshono ule ni wako. Utakuja kuupiga mwenyewe, hapa uani, kwa uzi wa rangi uitakayo.

Nisalimie Shamila, mumewe na wajukuu wote, na huyo mdogo aambiwe makomamanga yake nimeyatunza. Mama anakusalimu sana, hajui nimeandika. Bi Tunu anasema miadi yenu ya kahawa haijafutwa. Levina naye anakuamkia, anasema anaomba msamaha ingawa hakujua.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akupe macho ya kuona tundu la sindano na mkono usiotetemeka. Na mimi aniruhusu kukuomba jambo moja, baada ya haya yote niliyokufanyia: kile kitambaa hakijafika Makka bado. Usikihitaji kwanza, Shangazi. Nakuomba sana.

Wako akupendaye, na leo akuogopaye kidogo,

mtoto wa kaka yako,
Batuli