Ng'ombe Wangu na Deni la Reli Mbili

Kaka Deo,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinilea hivyo. Mimi ni mzima. Miguu ya mama imepungua kuvimba? Hali yako siiulizi, nilivyokusikia ukifoka kwenye simu una nguvu za kutosha.

Ulimwambia mama, nami nikisikia, kwamba mshahara kuchelewa ni uongo wangu. "Reli za nchi mbili zitakosaje hela?" Basi nikueleze.

Behewa letu likivuka mpaka, reli ya nchi jirani hulitumia na kutulipa kodi. La kwake likija kwetu, tunalipa sisi. Mkuu wetu wa hesabu, mzee anayekaribia kustaafu, alitufundisha kwamba zamani reli za Ulaya zilihesabiana kwa faranga ya dhahabu, ambayo hakuna aliyeishika mkononi. Ofisi moja ilikusanya madai ya wote, ikakata hili kwa lile, ikalipwa tofauti tu. Huku nako wakafuata mtindo huo, kwa pauni, baadaye kwa dola. Nilipokusimulia ulinicheka: "Faranga nazijua mimi ninayezibadilisha hapa mpakani Kabanga."

Mwaka huu jirani alikata, kwenye kodi yetu, fidia ya mabehewa yaliyoharibika kabla hata sijaajiriwa. Hakutuuliza. Mjumbe wao alipokuja nilimwambia mbele ya wakubwa, "Kukata bila kukubaliana ni kuchukua tu."

Akatabasamu. "Dada, sisi ndio tunaodai."

Hakuna aliyesaini hesabu, hakuna kilicholipwa, mishahara ikasimama, na ofisi nzima tunakula kwa kukopa kwa mama muuza mihogo.

Nikiwa katika hali hiyo, wifi ananipigia kwamba umemuuza ng'ombe wangu wa Bukiriro, eti kufidia uliyotumia kwa mama. Uliyotumia yapi? Dawa zake nilinunua mimi hadi mshahara uliposimama. Lini uliniuliza? Yule mjumbe hata kwao sikujui. Wewe tumenyonya ziwa moja.

Nimeomba ruhusa, nimepewa. Nauli nimekopeshwa na yule mzee wa hesabu. Usije kunipokea stendi.

Msalimie shangazi wa Ntobeye, mwambie kitenge chake ninacho. Wifi naye umsalimie, na usimgombeze kwa kusema kweli.

Mama anaamini ng'ombe umempeleka malishoni Biharamulo kwa Wasukuma. Kila nikipiga simu ananiambia atazaa karibuni. Mimi sijamwambia kitu. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kabla sijafika.

Mdogo wako,
Venansia