Mvua Si Sababu

Ijumaa, 28 Februari

Nimeosha mdomo wa tarumbeta. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kipande, kitambaa laini. Nimeuning'iniza kwa uzi mlangoni ukauke. Kama kila Ijumaa.

Ni kachuma kadogo tu, kana tundu katikati, ndiko mtu anakowekea midomo apulize. Bendi ya shule ina sheria zake: tarumbeta inalala shuleni kabatini, mdomo wake unakuja nyumbani Ijumaa kuoshwa, unarudi Jumatatu. Mwikali wangu hakukosa hata mara moja. Sasa mwaka unakaribia kuisha tangu tumzike, na mimi ndiye naosha. Hakuna aliyeniagiza. Hakuna aliyenikataza pia, kwa sababu hakuna anayejua.

Saa kumi bendi ikaanza. Kibanda changu cha kushona kiko ubavuni mwa nyumba, nyuma ya soko, na shule iko hapo tu, nasikia kila kitu. Ngoma, filimbi, tarumbeta mbili. Ya tatu haipo. Wakifika mstari wa tatu wa wimbo wa gwaride, wote wananyamaza, pale alipokuwa akipiga Mwikali peke yake, halafu wanaendelea. Hawajawahi kuijaza hiyo nafasi. Nachukia wakifika hapo. Na bado naacha kukanyaga cherehani ili nisikie.

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu Kyalo wa bendi amekuja kibandani. Mara ya kwanza tangu mazishi. Alisimama nje akishikashika vitambaa kana kwamba anatafuta suruali.

Ati amepata msichana wa Gredi ya Saba, Ndanu, amefundishwa kupiga na mjomba wake kwenye bendi ya kanisa. Siku ya wazazi ni mwisho wa muhula. Anaomba mdomo. Kumbe anajua ninao. Nikamwambia anunue mwingine Nairobi. Akasema alishanunua na watoto wameukataa. Wana desturi yao: chombo kinapokelewa mkononi mwa aliyekuwa nacho, bendi nzima ikitazama. Mwikali naye alipokea hivyo kutoka kwa msichana aliyemaliza.

"Sasa Mama Mwikali, hatuna mwingine wa kuipeana ila wewe," akasema.

Nikamwambia ni sheria zake zilizoniulia mtoto. Akakiachia kitambaa, akaondoka. Nilifurahi alivyoondoka. Baadaye nikajisikia vibaya, lakini si sana.

Jumanne, 4 Machi

Niiandike basi mara moja, niache kuizunguka.

Mwikali alikuwa amelala kwa susu, bibi yake, ng'ambo ya mto. Jumamosi ile ilikuwa mazoezi ya mwisho kabla ya siku ya wazazi. Ukutani mwa chumba cha bendi kumeandikwa kwa rangi nyekundu: Ukikosa mazoezi ya mwisho, hupigi. Mvua si sababu. Na mto wetu karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, watu wanachimba maji humo, ng'ombe wanalala humo. Inanyesha huko vilimani, hapa jua linawaka, halafu maji yanakuja. Mwikali alivuka.

Mto ulichukua viatu. Ulichukua na soksi. Mfuko wa koti la bendi haukuachia, kwa sababu niliushona mwenyewe, mara mbili, nikautia kifungo, mdomo usipotee. Tuliukuta humo ndani, umejaa mchanga.

Nashona vizuri. Kila mtu hapa sokoni atakuambia.

Jumatano, 5 Machi

Huyo Ndanu amekuja kupimwa koti. Hajui kitu, au ametumwa na anajifanya hajui. Mwembamba, meno makubwa, anaongea bila kupumzika. Mimi ndiye ninayeshonea bendi yote, nisingeweza kumfukuza.

Mabega sawa na ya Mwikali. Mkono sawa. Urefu, amezidi kidogo tu. Nilipima mara ya pili nikitumaini nimekosea.

"Mama, unaeza niwekea mfuko uko na kifungo? Wenzangu wote wako nayo."

Nikamuuliza nyumbani ni wapi. Ng'ambo, akasema. Juu kidogo ya pale wanachimba maji. Sindano ikanidunga kidole, na sijadungwa na sindano tangu nijifunze kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Alhamisi hakuna mazoezi. Saa kumi nilikuwa nakata kitambaa.

Nikasikia tarumbeta. Si shuleni. Upande wa mtoni. Mstari wa tatu, wote, mpaka mwisho, bila kosa. Nikamuuliza jirani yangu muuza mboga kama amesikia. Akaniangalia kwa huruma. Sipendi kuangaliwa hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani wameniombea tena bila kuombwa. Nimechoka kuwekewa mikono kichwani.

Baba Mwikali amepiga simu kutoka Mtito Andei, anakoziba magurudumu ya malori. Mwalimu amempigia. Wameongea wanaume wawili kuhusu kitu kilicho mlangoni kwangu. "Peana tu hiyo kitu, Mama Mwikali. Unajiumiza bure." Nikamuuliza mara ya mwisho kulala nyumba hii ni lini. Akasema mtandao ni mbaya. Yeye alikimbilia kelele za malori asisikie kitu. Mimi nimebaki hapa nasikia. Sitaki kumlaumu, lakini leo namlaumu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeosha. Nimeanika.

Halafu nikafanya nilichoapa sitafanya, nikaenda mpaka uani mwa shule, nikashika waya. Wako kwa mistari. Soksi nyeupe, shati ndani, macho mbele. Katikati ya safu ya pili kuna nafasi ya mtu mmoja. Walipogeuka kulia ile nafasi iligeuka nao. Walipopiga kona, wa nyuma hakusogea mbele kuiziba. Watoto wale hawajasukumwa na mtu yeyote. Wanatembea na mwanangu.

Ndanu yuko nje ya mstari, peke yake, amesimama wima na tarumbeta ya Mwikali isiyo na mdomo. Ameileta usoni. Vidole vinabonyeza, mashavu yamejaa, sauti hakuna. Walipofika mstari wa tatu wote wakanyamaza, na vidole vyake vikaendelea kubonyeza kwenye kimya kile. Na mimi nikasikia, kutoka mtoni, nyuma yangu, sawasawa na vidole vyake.

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, na kanda za viatu zimekatika.

Jumanne, 18 Machi

Mawingu upande wa vilima. Wakulima wamefurahi, wanaongea juu ya mbegu. Mimi naangalia mchanga wa mto.

Sauti tena saa kumi. Sasa sijiulizi kama ni ya kweli. Najiuliza tu anataka nini. Kama ni mdomo wake, anajua mlango.

Ijumaa, 21 Machi

Jana mvua ya kwanza. Kidogo. Mchanga uliinywa yote.

Ndanu alikuja kuchukua koti. Nimelishona vizuri kuliko yote niliyowahi kushona na nimelichukia kila dakika. Limemkaa. Alifunga na kufungua kile kifungo cha mfuko, akacheka. Mfukoni hamna cha kutia.

Kesho ni mazoezi ya mwisho. Nikamwambia mvua imeshika huko juu, asije.

"Nikikosa nitakatwa, Mama. Mvua si sababu."

Aliisema kama mtoto anayesema mistari ya Biblia, bila kufikiria. Mwikali aliisema hivyohivyo, kwa sauti ileile ya kujisifu. Nilitaka kumzaba kofi. Nikamwambia bila mdomo hatapiga, anavuka kwenda kufanya nini? Akasema Mwalimu amemwambia ahesabike kama wengine, kwa sababu labda siku moja mimi nitakubali.

Kwa hiyo ni mimi. Nikiutoa, atavuka. Nisipoutoa, atavuka akiningojea.

Nimeosha mdomo. Ukaniponyoka, ukaanguka kwenye beseni.

Jumamosi, 22 Machi

Niko hai na yeye yuko hai. Nianze hapo.

Asubuhi jua lilikuwa zuri tu. Nilienda mtoni bila kunywa chai. Mchanga mkavu pande zote, unyevu katikati kidogo. Huko juu, vilimani, kulikuwa kweusi. Nikamwona ng'ambo, amelivaa koti, anavua viatu, anaingiza soksi ndani ili zisilowe.

Nikapiga kelele arudi. Akanipungia mkono. Akadhani namsalimia.

Akaanza kuvuka. Nikasikia tarumbeta, karibu sana, mstari wa tatu, kutoka juu mto unakotoka. Halafu chini ya ile sauti nikasikia nyingine, ya maji. Kila aliyekulia hapa anaijua. Sikumwita Ndanu. Nilimwita Mwikali. Jina ndilo lililotoka, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Na yule mtoto akasimama. Alijua ni jina la nani. Uso wake ulibadilika, akageuka, akakimbia alikotoka, akiacha viatu mchangani.

Maji yakaja, ya rangi ya matope, na vijiti na povu mbele. Yakachukua viatu. Yeye alikuwa juu ya ukingo, ameshika mti, analia.

Tukatazamana na mto katikati. Nikamwonyesha kwa mkono aende nyumbani. Akaenda.

Nikaenda moja kwa moja shuleni, matope mpaka magotini. Mwalimu alikuwa anaita majina. Nikamsimamisha mbele ya watoto. Sikuongea kwa adabu. Nikamwambia Ndanu yuko ng'ambo, miguu mitupu, na kama nisingekuwa pale, leo bendi yake ingekuwa na nafasi mbili za kutembea nazo. Nikamwambia mdomo uko mlangoni kwangu, safi, hauna hata punje ya mchanga. Nitaupeana siku ile mvua itakuwa sababu.

Nilitaka anijibu nipate kuendelea. Aliketi kwenye ngoma kubwa. "Sheria nilizikuta," akasema. Kisha: "Lakini rangi nilipaka mimi. Kila mwaka napaka upya. Hata mwaka huu nilipaka." Akafunika uso. Watoto wakatazama chini, safu zikiwa zimenyooka vilevile.

Nilikuwa nimemchukia mwaka mzima, na chuki ikaniishia pale mbele ya watoto. Nikarudi kibandani.

Jumatatu, 24 Machi

Mto umeshuka. Ndanu amekuja amevaa malapa ya mama yake.

Mwalimu aliniita chumba cha bendi. Ukutani pale penye rangi nyekundu amepaka chokaa. Akawauliza watoto wenyewe waandike nini. Mmoja akasema: Mto ukijaa, baki ng'ambo. Wakakubali. Ndanu akanyoosha mkono. "Na tukibaki huko tukae tu?" Wakabishana. Mwishowe yeye ndiye aliyesema: yule aliyebaki anapiga hukohuko aliko, saa kumi, kama wenzake. Ikaandikwa hivyo, na vyombo vya wa ng'ambo vikaruhusiwa kulala kwao msimu wa mvua. Mwandiko mbaya sana.

Kisha wakapanga mistari uani. Nilitoa mdomo kwenye leso. Nilikuwa nimeuosha asubuhi ingawa si Ijumaa, ulikuwa bado na joto la maji. Nikampa kwa mikono miwili, akapokea kwa mikono miwili. Yeye ndiye aliyelia.

Hakwenda pale kwenye nafasi mara moja. Alisimama kando yake, akanitazama. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akaingia.

Wakapiga. Mstari wa tatu akaufikia, akaukosea katikati, akasimama, akaanza tena. Mwikali hakukosea pale hata siku moja. Nilitaka kuchukia lile kosa, lakini sikuweza.

Alitia mdomo mfukoni, akafunga kifungo.

Jumanne, 25 Machi

Saa kumi sikusikia kitu mtoni. Nilisikiliza mpaka giza.

Nimemkosa upya. Sikujua inawezekana.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua tangu saa sita usiku. Ya kweli. Soko limefungwa, wateja hakuna, bati linapiga kelele. Wanasema mto umejaa mpaka kwenye migomba.

Nikainjika maji jikoni. Mkono ulifanya wenyewe. Nikaandaa beseni, nikatoa na kitambaa laini. Ndipo nikaona uzi mlangoni hauna kitu.

Saa kumi ikafika. Shuleni kimya. Hakuna ngoma, hakuna filimbi, hata ile ya Mwalimu. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikasikiliza kimya hicho. Kila mtoto yuko kwao. Nilihesabu wale ninaowajua wa ng'ambo, mmoja mmoja kwa majina, nikawaweka kila mmoja nyumbani kwao.

Mvua ikapungua kidogo. Halafu, mbali, ng'ambo ya mto, tarumbeta.

Nilishika meza. Mstari wa kwanza. Wa pili. Nikaziba masikio, nikazibua. Wa tatu ukaanza vizuri, ukapanda, na katikati ukakosea, palepale. Ukasimama. Ukaanza tena.

Maji yalikuwa yamechemka. Nikatia majani ya chai, nikatafuta sukari.