Nini Kilimponya Dorkas?

Mpendwa Bi Kuluthumu,

Mimi siamini kwamba Mungu yupo, na hapa kijijini kwetu mimi ni mzee wa kanisa. Hilo nimelificha tangu kabla ya Uhuru, sikumwambia mke wangu wala mchungaji wala rafiki, na sasa naomba msaada wako, wewe unayewashauri wasomaji gazetini, kwa sababu moyo wangu ni mgonjwa, miguu imevimba, daktari kule Same ameniambia kwa upole, "Mwalimu, mwaka huu panda maharage, kahawa waachie wengine," nikamwelewa, na sitaki kuingia kaburini na jambo ambalo mtu niliyezeeka naye halijui.

Nilikuwa mwalimu wa sayansi huku milimani juu ya Hedaru mpaka nilipostaafu. Imani yangu haikuondoka kwa hasira. Iling'oka kama jino la utoto, siku moja nikapapasa kwa ulimi nikakuta pengo, halikuuma, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni mwenye mke mcha Mungu, nikafunga mdomo. Nikiombwa kuongoza sala nilisimama, nikafumba macho, nikanyamaza kwa muda mrefu, kisha nikasema amina. Watu wakasema huyu Mwalimu huzama kwenye sala, wala hatupigii makelele. Wakanichagua mzee wa kanisa kwa sababu ya kimya hicho.

Mwaka wa kwanza wa Uhuru binti yetu Dorkas, akiwa bado mdogo, alikwenda kwa shangazi yake Kihurio wakati wa mavuno ya mpunga akarudi na malaria, akawa anatetemeka na kuweweseka, zahanati imeishiwa dawa, barabara imekatwa na mvua, basi asubuhi nikashuka kwa miguu hadi Hedaru kwa Yahaya mwenye duka, naye akanipa vidonge vya klorokwini alivyokuwa amewawekea wanawe mwenyewe, akasema, "Chukua, Mwalimu, na usinishukuru mimi, mshukuru Mungu," nikapanda mlima tena bila kupumzika. Mke wangu Rahabu alikuwa kanisani akiomba pamoja na akina mama wenzake, mtoto amemwachia mama yangu mzazi, ambaye sasa ni marehemu. Nilifika, nikampa mtoto vidonge, na akina mama walipotoka kanisani alasiri ileile Rahabu alimkuta Dorkas ameketi, macho yamechangamka, anacheza na gunzi la mahindi. Tangu hapo hutoa ushuhuda huo kila Pasaka, "Tuliomba, na Bwana akajibu," watu huimba, nami nikiwa pembeni yake huitikia amina, huku moyoni nikisema ni vidonge, mama, ni vidonge na magoti yangu haya.

Usidhani mke wangu ni mjinga. Ile kampeni ya afya ilipotangazwa redioni, yeye ndiye aliyewaongoza wanawake wa nyumba kumi kufukia madimbwi na kufyeka majani ili mbu wasizaliane, na mwinjilisti mmoja alipomtania, "Mama Dorkas, humwachii Mungu kazi?" alimjibu, "Mungu kanipa jembe, unataka anishikie na mpini?"

Dorkas sasa anasomea uuguzi. Amekuja likizo, na siku moja tukiwa tunakula makande mama yake akaanza kumsimulia jirani ushuhuda ule. Dorkas akacheka. "Mama, unaniaibisha. Kila Pasaka nafufuka mimi badala ya Yesu."

Mama yake naye akacheka. Ndipo binti akanigeukia. "Baba, wewe ndiye mtu wa sayansi. Mimi naamini, na vijidudu vya malaria nimeviona kwa macho yangu kwenye darubini, wala sioni imani na sayansi vinagombana wapi. Wewe unasemaje? Nini kiliniponya?"

Nikasema, "Vidonge. Ushahidi upo."

Rahabu akaweka kijiko chini. "Miaka yote nimetoa ushuhuda huu umekaa pembeni yangu, Baba Dorkas, unaitikia amina. Hiyo amina ilikuwa ya nini?"

"Ya heshima."

"Heshima hupewa mgeni," akasema, akanyanyua sufuria na kuondoka.

Tangu siku hiyo ananikanda miguu, ananipa dawa, ananifunika blanketi, lakini maneno yake yote kwangu ni "umemeza?" na "geuka." Na hapo anajua tu kwamba sikubaliani na ushuhuda wake, hajajua kwamba siamini kabisa. Mchungaji Eliufoo naye ameagiza kuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi atakuja kuniletea Chakula cha Bwana hapa nyumbani, maana siwezi tena kutembea hadi kanisani.

Kusema nimeshaamua, kwa hilo usinishauri vinginevyo. Ninachokosa ni namna. Kila nikipanga maneno, yanatoka kama mahubiri ya kujibu mahubiri, namwona ananyanyua tena sufuria. Mtu asiyeamini na mtu anayeamini kwa akili zake timamu huongeaje juu ya imani na sayansi, bila mmoja kumfanya mwenzake mjinga? Sina muda wa kujifunza polepole.

Mimi, Mwalimu mstaafu,
Same.

*

Shikamoo, Mwalimu.

Pole kwa moyo na kwa miguu. Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo wewe na Mama Dorkas mnaweza kunishuku sawasawa, na hiyo ni nafuu kwa kazi hii. Barua yako nakujibu kwa posta kwanza. Gazetini haitaingia mpaka uniandikie kwamba mkeo ameyasikia haya kwa kinywa chako. Sitaki ayasomee kwenye karatasi iliyofungiwa chumvi dukani.

Sasa niruhusu nikugombeze, maana umri wako haukulindi na hilo. Unaniuliza namna ya kuzungumza juu ya imani na sayansi, lakini ugomvi wenu si wa sayansi. Mwanamke aliyefukia madimbwi ya nyumba kumi hana kesi na darubini. Wala hakukuuliza juu ya vidonge. Alikuuliza juu ya amina. Wewe ukamjibu kama mkaguzi wa shule.

Tazama maneno yenu wenyewe. Wewe ulisema ushahidi, yeye akasema ushuhuda. Ni ndugu wa tumbo moja, ila kila mmoja ana nyumba yake. Ushahidi unapelekwa barazani, unapimwa, unapingwa, na ukishinda hata asiyependa lazima akubali. Ushuhuda ni mtu anasimama anasema: hili lilinipata, hivi ndivyo nilivyolibeba. Ushuhuda hausemi "kubali." Unasema "nisikilize." Kosa lako ni kwamba kila Pasaka umeupokea ushuhuda wa mkeo kana kwamba ni ushahidi, ukaupima kimyakimya, ukauona umepungua, kisha ukaitikia amina. Na kosa lake, ambalo umwambie kwa upole siku mtakapokuwa mnacheka tena, ni pale anaposimama na ushuhuda akitaka watu waubebe kama ushahidi. Likija swali la nini huua vijidudu vya malaria, hapo ushuhuda wa mama ukae benchi, darubini iseme. Likija swali la jinsi mama alivyoweza kusimama akiwa na mtoto anayeweweseka nyuma yake, darubini yako ina nini cha kumweleza?

Kwa hiyo usimwendee na hoja. Mwendee na ushuhuda. Ndiyo, wewe usiyeamini. Mwambie lini jino liling'oka na umeishije na pengo. Usimtaje Mungu wake kwa dharau, na usijifanye unamtafuta ili kumfurahisha. Akisema jambo, lirudie kwa maneno yako mpaka akwambie, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema," kabla hujalijibu. Muulize kitu usichokijua kwa kweli. Umeishi na mtu wa sala maisha yote, umewahi kumuuliza anapofumba macho anaona nini? Na yeye akikuuliza usilolijua, sema hujui, usikimbilie vitabu.

Dorkas akae nanyi, maana yeye anayashika yote mawili bila kuungua, lakini msimfanye hakimu. Mtoto hachagui kati ya wazazi kwa sababu ya homa ya zamani.

Mchungaji mwite kabla ya Jumapili hiyo. Uzee wa kanisa urudishe mwenyewe, usingoje uvuliwe. Mkate usiouamini usiule. Wala hilo si kwa ajili ya mchungaji, ni kwa ajili ya Rahabu, ili amina yako ya mwisho isiwe kama zile za nyuma.

Limebaki moja, na hili ndilo la kuanza nalo. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeniambia ulivyoshuka, ulivyopanda, hata maneno ya mwenye duka. Kisha unaandika, "Nilifika, nikampa mtoto vidonge," na kabla akina mama hawajafika nyumbani mtoto ameshaketi anacheza na gunzi. Mwalimu, ni vidonge gani hivyo vinavyoponya upesi namna hiyo? Ulimkuta mtoto katika hali gani? Wanafunzi wako wangeruka hatua hiyo ungewapa sifuri. Mtu wa sayansi huandika na yale yasiyompendeza. Kamjibu mkeo hilo kwanza, na mengine yatakuwa mepesi.

Wako,
Bi Kuluthumu.

*

Bi Kuluthumu,

Chapisha.

Nimemwambia mchana, Dorkas akiwepo. Nilipofikia yale maneno kwamba siamini, tena tangu zamani, Rahabu akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nimepiga magoti peke yangu, nikidhani tuko wawili." Nikalirudia kama ulivyonifundisha. "Unasema nimekuacha peke yako." Akasema, "Ndiyo. Hivyo ndivyo nilivyosema." Akalia, akachukua mundu, akaenda kukata majani ya mbuzi.

Aliporudi alitupa mzigo wa majani chini, hakukaa. "Sasa ukifa, unadhani unakwenda wapi?"

"Sidhani kama nakwenda popote."

"Na mimi?"

"Sijui, Mama Dorkas. Lakini kama mahali hapo papo, na wewe ukafika, nitafurahi sana kuambiwa kwamba nilikosea."

"Nitakwambia mwenyewe," akasema, "tena kwa sauti." Dorkas akaanza kucheka, kisha mama yake, huku bado analia.

Nilimuuliza anaona nini anapofumba macho. Alisema haoni kitu, ila anasikia kama mtu aliyekaa chumba cha pili, huongei naye lakini unajua nyumba si tupu. Nikamwambia nyumba yangu ni tupu na nimeizoea, taa inawaka, nafanya kazi zangu. Akafikiri, akasema, "Basi hiyo nayo ni nyumba." Ndivyo tunavyoongea siku hizi kila alasiri, anabisha vizuri kuliko walimu wote niliofanya nao kazi, na sijui kwa nini nilijinyima.

Mchungaji Eliufoo alikuja, uzee wa kanisa nimerudisha, mkate sikula. Hakufurahi. Alisema habari ya kengele ya mazishi yangu itaamuliwa na wazee wenzangu, Rahabu akamwambia kwamba wimbo ataimba yeye, kengele wakae nayo. Kisha akampakulia makande, mchungaji akala.

Kuhusu swali lako, niliwajibu wao kwanza, na ndilo nililoanza nalo. Jibu lake nimelificha kuliko hata kutoamini kwangu, kwa sababu kutoamini nilikuwa tayari kukutetea, hili sikuwa na la kulitetea. Rahabu hakushangilia kama nilivyoogopa. Dorkas alisema halithibitishi sala wala halivifuti vidonge, maana homa ya malaria huweza kushuka na kupanda tena, na mwili wa mtoto nao una mambo yake. Mama yake akasema, "Huenda." Nami nikasema, "Huenda." Sikumbuki kama tuliwahi kukubaliana juu ya neno moja namna hiyo.

Nililowaambia ni hili. Nilipofika mlangoni na vidonge mfukoni, mtoto alikuwa ameketi karibu na moto na mama yangu, nikamgusa paji la uso, na homa ilikuwa imeshashuka.