Makosa Tisa ya Évariste

Vällingby, Stockholm
Jumatatu, 16 Juni 2025

Kwako dada yangu mpendwa, Mwalimu Flaviana,

Shikamoo, dada. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, miguu imepungua kuvimba, na yule jogoo wa jirani unayemlalamikia kila tukizungumza ameshaingia chunguni. Shemeji naye hajambo? Bado anabishana na redio? Mimi huku ni mzima wa mwili. Hayo mengine utayaona ukiendelea kusoma.

Najua umeshangaa kupata karatasi badala ya simu. Goodluck, mwenzangu wa kazini, anakuja likizo Musoma Ijumaa, nikaona nimpe bahasha. Kwenye simu wewe huniuliza kama nimekula, nami hujibu nimekula, tunacheka kidogo, tunaagana. Miaka kumi na tisa tumekwenda hivyo. Safari hii nina jambo ambalo kwenye simu ningelikwepa.

Unajua kazi yangu ya kusafisha ndege kule Märsta. Nyingine, ile ya klabu, sijawahi kukueleza vizuri kwa sababu ulisema mchezo wenyewe ni ugomvi wa watu waliovaa kofia ngumu. Hukukosea sana. Ni ule mpira wa Kimarekani, wenye mpira uliochongoka pande mbili. Nilipokuja kusoma nilikuwa na mwili, nikaucheza miaka sita mpaka goti likakataa. Nafasi yangu ilikuwa mstari wa mbele. Wanaume watano wazito hupanga mstari mbele ya mrushaji, na kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie kabla hajautupa mpira. Wao wenyewe karibu hawaugusi mpira. Mlinzi wa mstari akifanya kazi yake vizuri hakuna anayemwona, akikosea mara moja uwanja mzima unalijua jina lake. Nadhani ndivyo nilivyoishi huku, dada, ila jina langu hata kwa makosa halijajulikana.

Siku hizi klabu hunitumia video ya kila mechi, nami nawasahihisha walinzi. Mpira huanzishwa kama mara sitini katika mechi moja. Kila mara namtazama mlinzi mmoja: hatua yake ya kwanza, mikono imeshika wapi, kiuno kimeshuka au kimesimama, amemaliza kazi au ameachia njiani. Akifanya inavyotakiwa nampa vema, akishindwa nampa kosa. Yaani nimekuwa mwalimu kama wewe, tofauti ni kwamba wanafunzi wangu wana kilo mia na thelathini.

Ndiyo maana nakukumbuka sana nikiwa na kazi hiyo. Unakumbuka darasa la tano uliponipa ishirini na tatu kwa mia ya hesabu, ukaisoma mbele ya darasa zima, mimi mdogo wako wa tumbo moja? Mama alikununia siku mbili. Ukamwambia kwamba alama ni ushahidi, na anayetoa ushahidi wa uongo kwa kumpenda mtu ni mwongo vilevile. Nilikuchukia mpaka Krismasi.

Mwaka huu klabu imeingia ligi ya kulipwa, na kwenye mstari wakamsajili kijana mgeni kabisa katika ngazi hiyo. Anaitwa Évariste, ana miaka ishirini na tatu, anaishi Rissne na mama yake, mama Godelieve. Ni Wakongo wa Uvira waliokaa kambini Kigoma miaka tisa kabla ya kuletwa huku, kwa hiyo Kiswahili chake ni nusu cha kwao nusu cha kwetu. Ananiita papa Japhet. Ukimwona mlangoni unafikiri kabati limekuja kwa miguu yake, halafu anavua viatu, anavipanga ukutani, anasalimia kwa sauti ya mtoto wa kwaya.

Mechi ya kwanza alicheza vibaya. Nilimpa vema thelathini na nane kati ya sitini na moja. Mara mbili mtu wake alimpita na mrushaji wetu akalazwa chini, na mara moja aliondoka kabla ya mpira kuanzishwa kwa kubabaishwa na kelele tu. Kocha alianza kukuna kichwa. Mimi nikairudia video mpaka nikaona kitu ambacho wengine hawakukiona. Tulipopanga kukimbia na mpira, aliinama akaukandamiza mkono kwenye nyasi kwa uzito wake wote. Tulipopanga kuurusha, vidole viligusa nyasi kidogo tu. Mpinzani yeyote mwenye macho alijua tunataka kufanya nini kabla hatujafanya. Nikamwita kwangu Jumapili nimwonyeshe.

Alikuja baada ya ibada, na bakuli la sombe kutoka kwa mama yake. Nikamwambia hicho ni kisamvu, akasema kisamvu ni cha Watanzania wasiojua kutwanga, nikajua tutaelewana. Tulikula, tukaangalia video, akasimama katikati ya sebule akajaribu kuinama mara ishirini mpaka jirani wa chini akagonga. Jioni nikaliosha bakuli nikalijaza maandazi, maana wewe na mama mlinifundisha kwamba bakuli la mtu halirudi tupu. Jumapili iliyofuata likaja na samaki, likarudi na pilau. Likawa linakwenda na kurudi hivyo.

Mechi ya pili alipata vema arobaini na saba kati ya hamsini na tisa. Ya tatu, hamsini na mbili kati ya sitini. Dada, nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu binti yangu Alma alipokuwa mdogo. Unajua Alma na mama yake wako Malmö. Nikimpigia namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Siku za wiki naweza kutoka Märsta hadi hapa Vällingby, treni mbili, nisizungumze na mtu isipokuwa kumwomba anipishe. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya mimi kusikia jina langu.

Mwisho wa mwezi wa tano klabu moja kubwa ya Ujerumani ilimwandikia kocha wetu. Mlinzi wao ameumia goti, wanatafuta kijana wa kuziba nafasi mara moja, na wamesikia habari za Évariste. Waliomba alama za mechi nne na ukurasa mmoja wa maelezo. Kocha akaniambia niandike mimi, kwa sababu hakuna anayemjua kijana kuliko mimi. Akaniuliza pia jambo moja lililomsumbua. Kila anapomrekebisha Évariste, kijana hutazama chini. Hamtazami usoni hata kidogo. Je, anasikia? Anajali kweli, au anangoja tu amalize?

Wewe huhitaji kuelezwa. Mtoto aliyelelewa vizuri hamkodolei macho mkubwa anayemwonya. Katika klabu nzima, mtu mmoja tu angeweza kumweleza hilo yule Mswidi, na alikuwa amekaa mbele yake anakunywa kahawa yake.

Ripoti ikaenda. Siku ya tatu Wajerumani wakajibu kwamba wanashukuru, lakini alama zake zimeshuka mechi ya nne, na wamesoma kwamba ni mzito wa kupokea masahihisho. Wakamchukua kijana kutoka Finland.

Jumapili hiyo, tarehe nane, Évariste alikuja kama kawaida. Nilidhani hatakuja. Alileta bakuli, na mama yake akanipigia simu nikiwa nalifunua. Aliniambia kwamba kijana amelia kidogo, lakini yeye anamshukuru Mungu kwa kumwachia mtoto karibu, na ananishukuru na mimi kwa kumfundisha. Akasema: "Papa Japhet, uko mutu wa Mungu." Nikamjibu amina. Ndivyo nilivyojibu.

Baada ya kula kijana akatoa daftari na kalamu. Akasema kocha amemwonyesha karatasi yangu ya mechi ya nne, ina makosa kumi na tano, na katika hayo yapo tisa ambayo ametazama video nyumbani hakuyaelewa. Aliomba nimwonyeshe moja moja ili yasijirudie. Aliyasema hayo akitazama zulia.

Nikafungua la kwanza. Hatua nzuri, mikono kifuani mwa mtu, kiuno chini. Nikamwambia mguu wa kushoto umechelewa. Akaandika. Kisha akasimama katikati ya sebule, akainama, akaanza kuuwahisha mguu ambao haukuwa umechelewa, mara moja, mara mbili, mara tano, mpaka hatua ile tuliyoijenga Jumapili nne ikaanza kuharibika mbele ya macho yangu. Nikafungua la pili, nikamtafutia kosa kwenye bega. Akaandika. La tatu nilishindwa.

Dada, makosa yale tisa niliyaandika mimi. Hayakuwepo. Évariste alipata vema hamsini na nane kati ya sitini na nne, na hakuna mlinzi wetu aliyewahi kupata alama hiyo tangu nianze kusahihisha. Nilikaa mezani pangu asubuhi, na akili zangu timamu, nikageuza vema tisa kuwa makosa. Na kuhusu macho yake, niliandika kwamba huenda hapokei masahihisho. Nilijua nafanya nini. Nilijiambia kwamba bado ni mchanga, kwamba Ujerumani watamvunja, kwamba mcheza kwao hutunzwa. Yote porojo. Niliogopa Jumapili. Nilimwona akipanda ndege, nikaiona hii meza na sahani moja, nikashika kalamu.

Nilimwambia. Nilizima video nikamwambia kila kitu, bila kupunguza, nikiwa nimesimama kwa sababu niliona haya kukaa. Kwa miezi yote niliyomjua, kijana yule hakuwahi kunitazama machoni nikizungumza. Siku hiyo aliinua kichwa akanitazama. Alinitazama mpaka nilipomaliza, na aliyeinamisha macho nilikuwa mimi. Hakunitukana. Akafunga daftari, akavaa viatu, akafunga mlango polepole kama anavyofanya siku zote.

Kesho yake kabla ya kwenda Märsta nilimwandikia kocha na Wajerumani, nikaweka alama za kweli, nikaeleza kuhusu macho, nikatia jina langu kamili. Wajerumani walijibu Alhamisi. Wanasema Mfini ameshasaini, nafasi imejaa, wataliweka jina la Évariste kwa msimu ujao. Maji yameshamwagika. Kocha alinisikiliza, akasema kwa sauti ya chini kwamba sitasahihisha tena, akanishukuru kwa miaka yangu. Waswidi hata wakikufukuza wanakushukuru. Aliniambia pia kwamba atazungumza na kijana, na sasa anajua asimlazimishe kumtazama. Jumamosi nilisikia kwamba Évariste alicheza vizuri. Ni nani aliyempa alama sijui.

Jana ilikuwa Jumapili ya kwanza bila yeye. Nilipika wali wa watu wawili kwa mazoea.

Sikuombi unitetee, wala usimwambie shemeji anayejua kusamehe upesi. Ukitaka kunipa alama, nipe ile ya darasa la tano, au pungufu. Ila nina shida moja, na ndiyo hasa iliyonifanya nichukue karatasi. Évariste alipoondoka alisahau bakuli la mama yake. Au hakusahau. Liko hapa mezani, nimeliosha mara tatu. Mama Godelieve hajui lolote, kijana hajamwambia, najua kwa sababu jana alinitumia ujumbe akiuliza kama nilipenda samaki. Jumamosi nitakwenda Rissne nimwambie mwenyewe, mlangoni kwake. Bakuli haliwezi kurudi tupu, mlinifundisha hivyo. Nimefungua makabati yote, dada, na kila ninachotaka kutia humo naona kama namhonga. Hivyo nimeamua nitalipeleka hivyo hivyo, tupu, nimpe kwa mikono miwili. Atalitazama kabla sijafungua mdomo, na atajua nimekuja na jambo baya.

Nisalimie shemeji, wajukuu wote kwa majina yao, na wote wanaonikumbuka hapo nyumbani. Mpe Goodluck chai, amebeba mzigo mzito bila kujua. Ukipata nafasi nijibu kwa karatasi pia, na usiifiche ile kalamu yako nyekundu.

Ni mimi mdogo wako,
Japhet