Kurudi Tarehe 21 Mei

Jumapili, 13 Juni 2021

Naomba radhi kwa ukimya huu mrefu, ingawa hakuna wa kunisamehe ila mimi mwenyewe. Niliandika mara ya mwisho kabla ya volkano. Kisha moto ukashuka hadi karibu na Munigi, ardhi ikatetemeka siku nyingi, tukaamriwa kuhama. Tulilala Sake, katika darasa la shule. Juzi tumerudi mtaani kwetu, Keshero. Nyumba imesimama — ufa mmoja tu sebuleni.

Tarehe 26 tutaondoa matanga ya mke wangu, Kahambu. Siku hiyo watoto watasikia sauti yake. Aliirekodi katika kompyuta ya mwanetu Gauthier, alipojua kwamba haponi. Katika ukoo wetu maneno ya marehemu hayasikilizwi kabla ya siku hiyo. Hata nakala alikataza. Alisema maneno yake yakae mahali pamoja, yasitembee mtaani. Hakuna aliyemkaidi.

Humo mna maneno aliyomwachia Valérie, binti yetu wa Butembo. Yeye na mama yake hawakusemezana miaka mingi. Hata maziko hakuyawahi. Waasi walikuwa wamefunga barabara.

Jumatatu, 14 Juni

Msiba juu ya msiba. Kompyuta inawaka kwa shida, na folda ya Mama haimo!

Paulin, shemeji yake Gauthier, ndiye aliyebaki kulinda nyumba. Akajaza filamu humo hadi nafasi ikaisha. "Nilifuta tu bintu bya zamani, muzee." Na kapu la taka? Alilimwaga pia. Alikuwa anafanya usafi, asema. Usafi!

Gauthier hakugomba. Kila Ijumaa huiwekea mashine kituo cha kurudia. Cha mwisho ni cha tarehe 21 Mei, siku moja kabla ya volkano. "Papa, tunarudisha mashini kwa ile tarehe, Mama anarudi na maneno yake yote." Mkewe akapiga vigelegele. Paulin akajifuta jasho: "Munaona? Mulitaka kuniua bure!"

Nami nilifurahi. Nani katika mji huu asingependa kurudi tarehe 21 Mei?

Jumatano, 16 Juni

Nilitaka fundi aje kwanza, kabla ya kugusa chochote. Amekuja Dative, mzaliwa wa Rutshuru, mama wa maneno machache. Alipoambiwa habari ya tarehe 21 alitikisa kichwa.

"Papa, muliporudi toka Sake mulikuta nini? Mulango, kufuli, waya za umeme. Mashini nayo inarudi vile: programu na mipangilio yake. Vitu vya mutu mwenyewe, sauti, picha, barua, haivigusi. Na yenye ilifutwa, haiirudishi."

Nikamuuliza: kile kituo cha kila Ijumaa kilikuwa kinahifadhi nini? Mashine, akasema. Kumhifadhi Mama kulihitaji nakala katika diski nyingine, nje ya kompyuta hii.

Nakala. Neno lile lile alilolikataza Kahambu.

Gauthier akasema tujaribu hata hivyo, kujaribu hakudhuru. Dative akamshika mkono — hapana! Kilichofutwa huenda bado kimelala ndani ya diski, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kuwasha tu ni kuandika. Kurejesha mfumo ni kuandika mengi. "Unaweza kumuzika mama yako mara ya pili." Akazima mashine, akaichomoa diski.

Kuna karakana Kampala inayojaribu kufufua vitu kama hivi. Hatoi ahadi. Majina ya mafaili hupotea, kwa hiyo fundi wa huko atalazimika kusikiliza sauti moja baada ya nyingine ili aijue ya Kahambu. Kisha ataitia katika diski nyingine.

Mgeni atasikiliza kabla ya watoto. Na nakala itakuwapo.

Ijumaa, 18 Juni

Kamate, kaka wa Kahambu, amekataa katakata. Dada yake asikilizwe na watu wa Kampala, nasi bado tuko matangani? Afadhali anyamaze kabisa. Gauthier akatoka akiubamiza mlango. Paulin hali chakula chetu tena, aibu imemshika.

Nimeifunga diski katika kitenge cha Kahambu. Nyepesi mno.

Jumamosi, 19 Juni

Valérie amefika kwa msafara wa wanajeshi, vumbi hadi kwenye kope. Tulimweleza yote. Hakulia.

Kamate akasema kwamba anayeyadai maneno hayo zaidi ni Valérie. Basi aseme yeye, nasi tutamfuata. Valérie akanigeukia. Halafu akaniuliza:

"Papa, wakati Mama alikuwa anasema yangu, ulisikia?"

Nikamjibu kweli. Nilitoka nje, nikafunga mlango, kama desturi itakavyo. Maneno sikuyasikia. Nilisikia kicheko — mara moja tu.

"Alicheka?"

"Alicheka."

Aliichukua diski pamoja na kitenge, akaingia chumbani mwa mama yake. Dative amekwisha kumwuliza dereva wa basi la Kampala kama ataibeba diski; linaondoka Jumatatu. Kamate amekaa barazani, kofia magotini. Hakuna anayethubutu kubisha hodi.

Sitaandika neno jingine hapa mpaka binti yangu aufungue mlango na kusema lake.