Sekunde Kumi na Mbili za Nyanchoka

Gesima, Nyamira
Jumapili asubuhi

Dada yangu mpendwa Gesare,

Pokea salamu katika jina la Bwana, wewe pamoja na shemeji Mwachofi. Goti lako linaendeleaje tangu uanze ile dawa ya kupaka? Sisi huku hatujambo. Mvua imekubali, chai inachipuka kutushinda mikono, na mama Marion amepona kile kikohozi. Nakuandikia Kiswahili ili shemeji asome mwenyewe, asikae akikuuliza nimesema nini.

Habari yenyewe ni ya Marion wetu, aliye Kidato cha Tatu. Dada, huyu mtoto ametushindia! Hadithi yake imekuwa ya kwanza katika mashindano ya shule za Nyamira. Ningekupigia simu, lakini kuna jambo hapa ndani ambalo mdomo wangu ungelikwepa.

Hadithi inamhusu fundi wa chombo cha angani, msichana wa Kisii aitwaye Nyanchoka. Mwenzake amekwama upande wa pili wa chombo na hewa inamwishia. Kioo cha kofia ya Nyanchoka kimepasuka, na njia ni moja tu, kupita nje, mahali pasipo hewa hata tone. Basi anatoka bila kofia, sekunde kumi na mbili, anafungua mlango wa mwenzake, na anaishi.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Jaji mkuu wa mashindano, mzee mmoja aitwaye Mokua, mwalimu mstaafu, alimwambia katika raundi ya kwanza kwamba kila mtu anajua binadamu akitoka huko bila mavazi hupasuka kama puto. Aondoe sehemu hiyo, la sivyo asitegemee kushinda fainali. Mwalimu wake akamsihi akubali tu. Marion akaja kuniuliza mimi, na unajua nilivyo, mzee wa kanisa. Nilimwambia kama ni uongo autoe, na kama ni kweli asiitoe kwa ajili ya mtu yeyote.

Fainali ilifanyika Kebirigo, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Marion alisoma bila kuondoa hata neno. Alipomaliza, Bwana Mokua akamuuliza mbele ya watu kwamba jaribio hilo alilifanyia wapi, Keumbu sokoni? Watu wakacheka. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Lakini mtoto alingoja kicheko kiishe, akajibu kwa adabu kwamba Keumbu hapafai, kwa sababu pale hewa ya kelele ni nyingi mno. Sasa wakamcheka mzee.

Kisha akaeleza. Alisema ngozi yetu ni imara, mwili utavimba lakini hautapasuka, na damu haichemki kwa sababu imefungwa ndani ya mishipa. Mate ya ulimini ndiyo huchemka, tena bila moto. Akawauliza akina mama kwa nini maharagwe huku juu milimani hayaivi upesi kama ya Mombasa kwa shangazi yake. (Ndiyo, dada, ulitajwa!) Akasema ni kwa kuwa kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito na maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Panda mpaka hewa iishe kabisa, joto la mdomo peke yake linatosha. Akasema kuna mtu Marekani, miaka ya sitini, vazi lake lilivuja katika chumba cha majaribio kilichotolewa hewa, akazirai, akaokolewa upesi, na alichokumbuka ni mate yakichemka ulimini. Mtu ana kama sekunde kumi au kumi na tano kabla ya kuzirai, na asipookolewa ndani ya dakika moja na nusu hivi, basi.

Halafu akaongeza jambo lililonichoma. Alisema kosa halisi alilifanya katika daftari la kwanza, lililopotea. Humo Nyanchoka alijaza kifua pumzi na kuibana, kama sisi Wasabato tunavyofanya mchungaji anapotuzamisha mtoni siku ya ubatizo. Alipoandika upya akachunguza, akagundua kwamba pumzi iliyobanwa ndiyo ingempasua mapafu. Ni lazima aitoe yote kabla ya kutoka. Bwana Mokua alivua miwani, akaandika kwa muda mrefu. Walipotangaza mshindi, Marion akaniita nisimame, akasema baba yake ndiye aliyemfundisha kutoandika uongo. Watu walinipigia makofi, dada. Nilisimama pale kama mwizi.

Kwa sababu daftari lile halikupotea. Nililichoma mimi.

Unakumbuka tulivyolelewa, kwamba hadithi za kubuni ni uongo uliovaa nguo nzuri. Lakini sikulichoma kwa sababu hiyo, ingawa nilijidanganya hivyo. Nililisoma mara mbili. Sabato iliyofuata nilisimama kuomba mbele ya washiriki, na katikati ya maombi nikajikuta nawaza kama Nyanchoka ataufikia ule mlango. Niliogopa. Nikalitia jikoni chini ya sufuria, kisha nikamwacha mtoto aende kumwomba mwalimu wake msamaha kwa uzembe wa kulipoteza. Wala usinifariji kwamba Mungu aliutumia moto wangu kurekebisha kosa. Marekebisho ni jasho la Marion.

Leo alfajiri nilimwambia, tukichuma chai. Aliendelea kuchuma mstari mzima. Mwishoni akauliza kama niliipenda hadithi. Nikasema niliipenda kupita kiasi. Akaniambia kwamba nimemkosea sana, kwamba atanisamehe lakini si leo, na kwamba hadithi inayokuja nitaisoma mimi kwanza, yeye akiwa ameketi mbele yangu.

Basi tuombee, dada. Mama Marion anawasalimu, nasi tunawangoja Desemba. Bwana awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Abner Nyamweya