Aliyefagia Hekalu la Makindu

Rosettenville, Johannesburg

Mdogo wangu Mwende,

Hamjambo hapo nyumbani? Magoti ya mama yanaendeleaje? Huku baridi imetukalia, nalala na soksi. Mwili wangu ni mzima. Ya rohoni nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningekata kabla sijamaliza.

Uliniuliza ni nani aliyekuharibia jina hapo hekaluni, hata mzee wa hekalu akakukataza kuwasimulia wageni. Nitakujibu, lakini niache kwanza niseme yangu.

Unamjua mwajiri wangu wa mtaa wa Kensington huku huku, Mama Simran, Singasinga mzaliwa wa Nakuru. Miaka yote alitamani kuhiji Makindu, na mwezi uliopita akaenda. Aliporudi, nilifika kazini asubuhi, sikuwa hata nimevua koti akaniuliza, "Kamene, mbona hukuniambia una dada kama yule?" Akaanza kunieleza. Alivyoketi sakafuni safu moja na madereva wa malori, wote vichwa vimefunikwa, ukampa chapati akaipokea kwa mikono miwili. Ulivyomsimulia mafundi wa reli walivyokuwa wakisali kwenye kibanda cha mabati, Singasinga, Baniani na Mwislamu pamoja. Hekalu lilivyojengwa hapo, kisha kazi ya reli ikawahamisha, likabaki na popo. Na nyanya alivyolifagia kila asubuhi bila kutumwa na mtu, mpaka wenyewe waliporudi wakaanza kulisha kila msafiri wa barabara ya Mombasa, awe wa dini yoyote.

Nyanya alimsimulia nani hayo? Mimi. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Na ni mimi mama aliyemfundisha kusukuma chapati pale jikoni mwa hekalu, nikijua siku akichoka nitakaa mimi mahali pake. Leo niko huku nasukuma chapati za watu watatu, wewe unasukuma za mamia, na hadithi yangu umeichukua. Mama Simran akamega chapati yangu, akatafuna, akasema, "Nzuri. Lakini za dada yako..." Hakumaliza.

Mwende, wivu ulinishika. Nikamwambia, "Yule dada yangu ni mtunzi. Nyanya yetu hakuwahi kushika ufagio pale."

Ndiyo. Ni mimi. Nilidhani maneno yangeishia jikoni. Nilisahau kwamba kwa wenzetu hawa habari za mahali pa kuhiji si za kuchezea. Alimpigia mzee siku ile ile.

Ujumbe wako ulipofika nilikuwa kwenye taksi, ndiyo matatu ya huku, tumesimama kwenye robot, taa za barabarani wanavyoziita, nikalia mbele za watu. Mama mmoja akanipa tishu akasema, "Eish, sisi," yaani pole dada, basi. Kesho yake nikamweleza Mama Simran ukweli. Hakunigombeza. Alibonyeza namba ya mzee, akanipa simu, akaenda zake sebuleni.

Nilimwambia mzee kwamba nyanya alifagia kweli na mwongo ni mimi. Akasema, "Kumbe wewe ndiye Kamene. Tangu mama yenu aache, kila nikitaka kumpa Mwende nafasi yake kabisa, anakataa. Anasema anaishika tu. Ni ya dada yake, atarudi."

Miaka minne nakuonea wivu kwa nafasi uliyokuwa ukinishikia.

Mzee amesema Jumapili urudi kwa wageni. Nisalimie mama, mjomba muuza mbegu, na shemeji yangu mvumilivu. Shangazi wa kwaya mwambie kitambaa chake nimekipata.

Mimi sirudi karibuni, na wewe unajua. Usinishikie nafasi tena. Wivu bado ninao, sikufichi. Mwambie mzee umekubali.

Dada yako aliyekukosea,
Kamene